Picha za Watu wa Barazani

Mwambie mtu wa Unguja kwamba unampiga picha, halafu mtazame. Mgongo unanyooka, mikono inashuka ubavuni, uso unafungwa kama duka lililosikia adhana. Muda mfupi nyuma alikuwa akibishana juu ya Simba na Yanga, kashata mkononi, kofia imekwenda upande, sauti imefika mtaa wa pili. Sasa amekuwa picha ya kitambulisho.

Simlaumu. Kwa muda mrefu picha kwetu ilikuwa shughuli, tena yenye gharama. Mtu alioga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda kwa mpiga picha, akaambiwa akae vipi na atazame wapi. Zanzibar ina historia ndefu ya studio. Wagoa, watu wenye asili ya Goa kule India, akina Gomes na Coutinho, walikuwa katika kazi hii tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza pale Barabara ya Kenyatta. Ukizitazama picha za wakati ule unaona watu waliokuja wenyewe, na nguo walizozichagua wenyewe. Wazee wetu walijua wanataka kuonekana vipi, na walilipia.

Mimi ninachokitafuta ni kile kilichokuwapo kabla mgongo haujanyooka. Napiga picha za kushtukiza za watu nisiowajua: uso mmoja, kwa karibu, mtu akiwa katika shughuli zake. Na kitu kilichonisumbua akili kuliko kamera yoyote ni kwamba mbinu nyingi za kazi hii tumezirithi kutoka miji ambayo mpigaji na mpigwaji hawataonana tena maishani. Mji wangu hauko hivyo. Huyo unayemwita mgeni leo, Ijumaa mtapangana safu moja msikitini, na mwezi ujao utamkuta kwenye harusi ya binamu yako, tena ndiye mjomba wa bwana harusi.

Tazama mbinu zenyewe. Mwaka 1916 Mmarekani Paul Strand alizunguka New York na kamera aliyoifunga lenzi ya bandia ubavuni, ili watu wadhani anapiga upande mwingine. Picha yake maarufu ya mwaka ule ni ya mwanamke kipofu, kibao kimemning'inia shingoni kikieleza kwamba haoni. Kwa mtu huyo lenzi ya bandia haikuwa na kazi yoyote. Kisha, kati ya 1938 na 1941, Walker Evans alikaa ndani ya treni za chini ya ardhi za mji huo huo, kamera ya Contax imefichwa chini ya koti, lenzi inachungulia kati ya vifungo, waya wa kufyatulia umepitishwa ndani ya mkono wa koti mpaka kiganjani. Kitabu cha picha zile kilitoka mwaka 1966. Nyuso alizozipata ni za kustaajabisha: watu wamechoka, wamejisahau, kila mmoja yuko na lake.

Nazipenda picha zile. Lakini jaribu kumfikiria Evans ndani ya daladala ya Bububu, ambayo nayo abiria hukaa wakitazamana. Kabla hawajafika Mtoni, aliyekaa mbele yake angekwisha kumuuliza: "Wewe si mtoto wa fulani? Una nini humo ndani ya koti, na joto lote hili?"

Halafu kuna baraza. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina kile kidato cha mawe na chokaa kinachofuata ukuta wa mbele. Aliyelijenga ni mwenye nyumba, lakini anayelikalia ni yeyote. Hapo wanaume hupokea wageni ambao hawatapitishwa ndani, hapo bao na dhumna huchezwa, na mvua kubwa ikijaza maji njiani watu hupita juu yake wakavuka salama. Kwa hesabu ya mpiga picha wa New York, baraza ni mtaani, kila kilichoko pale ni halali yake. Kwa adabu yetu ni nyumbani kwa mtu. Ukisimama na kamera mita mbili mbele ya mzee aliyekaa barazani, umeingia sebuleni mwake bila kupiga hodi.

Usidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Huko Montreal, Kanada, msichana wa miaka 17 alikaa kwenye ngazi za mlango wa jengo, akapigwa picha bila kujua. Mwaka 1988 picha ile ikatoka katika jarida dogo la sanaa ambalo toleo hilo liliuza nakala 722 tu. Wenzake wakaiona, wakamcheka. Haikuwa picha ya aibu hata kidogo, ni msichana amekaa, basi. Lakini alishtaki, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ikathibitisha alipwe fidia ya dola 2,000.

Vuka mpaka uingie Marekani, mambo yanageuka. Kati ya 1999 na 2001 Philip-Lorca diCorcia alifunga taa za flashi juu ya majukwaa ya ujenzi pale Times Square, New York, akawapiga wapita njia kwa mbali bila wao kuwa na habari. Mmoja wao, mzee wa Kiyahudi mshika dini, baadaye akagundua kwamba sura yake inauzwa kwa maelfu ya dola. Akaenda mahakamani, akieleza kwamba imani yake hairuhusu jambo lile. Mwaka 2006 jaji akaitupa kesi: ile ni sanaa, na sanaa inalindwa.

Mimi niko upande wa Montreal, na kilichonipeleka huko ni zile ngazi. Ngazi za mlango ni baraza. Na yule mzee wa New York namfahamu, maana wako wazee mtaani kwetu wenye msimamo karibu na wake. Kwao kutengeneza taswira ya kiumbe chenye roho si jambo la masihara. Sikubaliani nao katika yote, kamera yangu ni ushahidi. Lakini sioni kwa nini sanaa yangu ishinde dini ya mtu juu ya baraza lake mwenyewe.

Tena sisi tuna mzigo ambao miji mingine haina. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Mwaka uliofuata waliingia watalii zaidi ya 600,000, yaani karibu mgeni mmoja kwa kila wenyeji watatu, na kila mgeni ana simu. Wengi ni watu wema tu, wanapiga milango iliyochongwa na paka. Lakini mama pale Darajani anayejifunika kanga usoni kila kamera inapopita hakukasirishwa na picha moja. Amechoshwa na picha chungu nzima ambazo hajawahi kuonyeshwa hata moja. Na jambo hili ni la zamani. Postikadi za Zanzibar zilizouzwa kwa abiria wa meli mwanzoni mwa karne ya 20 zimejaa nyuso za watu wetu, na chini yake mara nyingi imetajwa kabila au kazi ya mtu. Jina hakuna.

Basi nafanyaje? Nakaa.

Nakwenda Jaws Corner, au baraza lolote lenye muuza kahawa, naagiza kahawa chungu. Kamera naiweka mapajani mahali inapoonekana. Kikombe cha kwanza siigusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Namtaja baba. Haitoshi. Namtaja babu, halafu mtaa.

"Yule wa Malindi, aliyekuwa akitengeneza baiskeli?"

"Ndiye huyo huyo."

"Lo! Haya sogea, huyo jua linampiga. Mtilie kahawa."

Hapo nimekwisha kuwa mtu, na maongezi yanarudi yalikokuwa, yananiruka. Siku moja bwana mmoja alinitazama kwa pembe ya jicho akasema: "Hicho kidude umekuja nacho kukipunga upepo?" Baraza zima likaangua kicheko, na mimi nikaanza kupiga papo hapo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na habari na mimi. Wote walikuwa wakimtazama yeye, naye anaufaidi utani wake mwenyewe, mkono juu ya tumbo, jino moja la dhahabu linaonekana. Katika picha zangu zote ile iko juu.

Dhumna nayo ni neema. Mchezaji mwenye kete ya kumalizia hujikausha uso, lakini mtazame kidole gumba: kinaisugua ile kete, hakitulii. Mkono ukipanda, nyusi zinapanda nao. Kete ikigonga meza, pah, wenzake wanafumba macho na yeye anayafumbua. Ukipiga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde utaupata mkono hewani, kila mshipa unaonekana. Ukipiga kwa 1/125 mkono unakuwa ukungu na uso unabaki wazi, iwapo mwenyewe hakutikisa kichwa. Mimi napenda hiyo ya pili, na nakubali kwamba nyingi zinaharibika.

Wapo wenzangu wanaoniambia kwamba hiyo si picha ya kushtukiza tena, maana watu wanajua nipo. Tunabishana sana juu ya hili na sidhani tutamaliza. Jibu langu ni kwamba kujua nipo na kunijali ni mambo mawili mbali mbali. Muuza kahawa anajua fika nipo. Akishainamisha dele na kumimina, huku vikombe vinagongana mkono wa pili na mteja mmoja anamdai chenji, mimi si chochote kwake. Uso wake wakati ule huwezi kuupata kwa kuuvizia nyuma ya nguzo, kwa sababu ukijificha utakuwa mbali, na ukiwa mbali hutaona jinsi anavyouma mdomo wa chini kila kikombe kinapokaribia kujaa.

Sasa niseme juu ya mwanga, maana hapa ndipo wengi wanapokwama, tena si kwa kosa lao. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, na saa sita mchana jua liko utosini. Kofia na paji la uso vinatia kivuli machoni, na unachopata ni pua inayong'aa na mashimo mawili ya giza. Wenye busara huweka kamera chini kuanzia saa nne hadi saa tisa. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe vina neema yao. Jua haliingii chini. Linapiga sehemu ya juu ya ukuta uliopakwa chokaa, linarukia ukuta wa pili, linashuka hivyo hivyo, na likifika barazani limekwisha kulainika. Mtu aliyekaa kivulini, ukuta mweupe unawaka mbele yake, ana taa ambayo studio huinunua kwa fedha nyingi. Mimi humtafuta mtu huyo saa tano asubuhi, wakati wengine wamekwenda kulala wakisubiri jioni.

Kisha kuna kanzu. Kamera haijui kanzu ni nini. Inachokijua ni wastani, na inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ikiona weupe umejaa kwenye fremu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mzee unazama gizani. Hapo naongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, wakati mwingine na zaidi, na kanzu ikiungua na iungue. Kinyume chake ni pale uso mweusi unapojaza fremu ndani ya kichochoro: kamera inadhani kuna giza, inaongeza, na ngozi inayong'aa inatoka kijivujivu, imepauka. Hapo napunguza. Hili nalo lina historia yake. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zikijulikana kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zikalazimika kufuata kipimo chake. Sasa mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2021 Google walitoka na Real Tone ndani ya simu ya Pixel 6, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi za rangi mbalimbali. Ila simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu bado zina ile tabia ya kumng'arisha mtu bila kuulizwa. Wako wanaopenda. Mimi nauzima huo ung'arishaji kabla sijatoka nyumbani. Ama chini ya maturubai ya bluu pale sokoni, ambako kila mtu anageuka mgonjwa, naibadilisha picha iwe nyeusi na nyeupe wala sioni haya.

Kuhusu vifaa sina mengi. Lenzi ya milimita 28 au 35, tundu la lenzi kwenye f/8, umbali umepangwa kabla. Kwa lenzi ya 28 katika kamera ya fremu kamili, ukiiweka mita 2, kila kitu kutoka mita moja na robo hivi mpaka kama mita 5 kinatoka wazi, huna haja ya kungojea kamera itafute. Mwenye simu asimsogelee mtu sana kwa lenzi kuu, pua itavimba. Arudi nyuma hatua moja atumie ya mara mbili. Zile lenzi ndefu za kumvuta mtu kutoka ng'ambo ya barabara sina hamu nazo. Zinampa mpiga picha usalama, na usalama ule unaonekana kwenye picha.

Wapo nisiowapiga. Mtoto asiye na mkubwa wake karibu. Mtu anayelia. Mateja waliolala vichochoroni, na wagonjwa wa akili ambao mtaa mzima unawajua kwa majina. Hizi ndizo nyuso zinazosifiwa sana mtandaoni, watu wanaandika kwamba picha ina hisia, na mimi nazikimbia. Mwanamke akivuta mtandio, amekwisha kunijibu, hakuna haja ya kubembeleza. Ndiyo maana mkusanyo wangu umejaa wanaume, na sioni dawa nyingine isipokuwa kina dada wenyewe washike kamera, waingie uani na jikoni ambako mimi sina njia. Siku ya sikukuu ndiyo hali hugeuka. Mnazi Mmoja na Forodhani watu wamevaa, wamejiremba, hina mpaka kwenye viwiko, na wao ndio wanaokuita: "Kaka, njoo utupige hapa!" Wapige walivyojipanga, kisha usiondoke. Wakimaliza kujipanga wanaanza kugombania nani amefumba macho, na hapo ndipo kazi yako ilipo.

Sheria nayo imeanza kutufikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kenya walitangulia kwa sheria yao ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya starehe faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Utaona kilichowaponza ni kutangaza. Kwa hiyo mtandaoni siweki sura ya mtu ambaye sijamwonyesha, na matangazo ya biashara sitaki kuyasikia kabisa. Hoteli moja iliwahi kuniomba picha ya mzee wa baraza kwa ajili ya kipeperushi chao. Nikawaambia waende wakamuulize mwenyewe, na wamlipe yeye. Hawakwenda.

Mtu akisema nifutie, nafuta mbele yake, naye anashuhudia. Inauma, hasa picha ikiwa nzuri, lakini mji ni mdogo.

Na picha nazisafisha kwenye karatasi. Picha ya inchi 4 kwa 6 si ghali, na siku ninayopita tena nampa mwenyewe mkononi. Wengine wanafurahi, wengine wanalalamika: "Mbona umenizeesha?" Bwana mmoja aliitazama picha yake akicheka, akanirudishia, akaniambia nimletee nyingine aliyofunga mdomo. Nikamletea. Familia moja ilinitafuta baada ya msiba kwa sababu marehemu aliwaacha na picha za paspoti tupu, na walikuwa wamesikia kwamba kuna kijana aliyempiga akicheza bao. Walichukua picha tatu. Waliyoitia fremu ni ile anayomnyooshea mpinzani wake kidole, mdomo wazi, dhahiri kabisa kwamba anamtuhumu kwa kuiba kete.

Siku hizi natoka zaidi Ng'ambo, Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyoanzwa enzi za Karume kwa mipango ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mabaraza ya mawe hakuna, lakini watu wamejitengenezea yao: kiti cha plastiki, gogo, ubao juu ya matofali mawili, au zile ngazi za lango. Mwanga ni mgumu kuliko mjini, uwazi umezidi, kuta haziko karibu. Bado sijaupatia. Iko sehemu moja chini ya lango mama mmoja anauza urojo, na saa kumi mvuke wa sufuria unaporudi usoni kwake na jua linaingia kwa ubavu, pale pana picha ambayo naiona hata nikifumba macho. Nilimuomba.

"Leo sitaki," akasema. "Nimevaa dera la kupikia. Njoo sikukuu."

Nikamwambia dera hilo hilo ndilo ninalolitaka.

"Ndilo unalolitaka wewe," akanijibu, huku anakoroga. "Haya sema, bakuli la shilingi ngapi?"